Diwani Analala Nje

Nangwa, Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mama Mkubwa Paskalina,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Usishangae kupokea barua ya karatasi kama tuko enzi za bibi. Mbwa wako ametafuna simu yangu. Sisemi ameing'ata. Ameitafuna, kioo kimekuwa unga na laini sijaiona mpaka leo, nadhani inazunguka tumboni mwake. Ningeweza kuazima simu kwa jirani, lakini hapa Nangwa ukiazima simu unaongea huku mwenye simu amekaa pembeni na mkewe na wanawe wote, na haya ninayotaka kukuambia sitaki yasikike. Barua hii nimempa Herman, konda wa gari la Dongobesh, ameniahidi atakukabidhi mkononi.

Hongera kwa mjukuu. Mwambie dada Imakulata anywe uji wa kutosha na asijitie kuinuka mapema, arobaini haijaisha. Mwanangu Lucia ananiuliza kila siku huyo mtoto mchanga ana meno mangapi.

Sasa Diwani. Nilipokuja kukulindia nyumba uliniambia, "Huyu hana shida. Mpe ugali na dagaa, analala nje, analinda." Nikakubali, na mwanzoni ilikuwa hivyo hivyo. Kutwa anazungukia miji ya watu kama jina lake, jioni anarudi. Wakati wa kulala nikawa namfungia nje kama mbwa yeyote. Alikwangua mlango kidogo, halafu akanyamaza.

Jumanne mchana mvua ya kwanza ikaanguka. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikasikia kishindo, kumbe Diwani amesukuma mlango wa nyuma mpaka komeo limeng'oka. Akanipita mimi, akampita Lucia, akaenda moja kwa moja chumbani kwako kama anayejua njia. Nilipomfuata alikuwa ameshakojoa kwenye kochi, ameacha na kile kingine kwenye zulia, na yeye yuko chini ya kitanda chako anachana godoro kwa meno. Nikafanya tulivyolelewa: nikamkamata shingo, nikampaka pua kwenye uchafu wake, nikamchapa, nikamtupa nje. Alhamisi akarudia yote, na siku hiyo ndiyo simu iliondoka.

Mama Mkubwa, sikuandikii kwa sababu ya kochi. Nakuandikia kwa sababu ya macho yake. Ananitazama na hanioni. Nimekua na mbwa kule kwetu Bashay na sijawahi kuona macho ya namna ile. Je, alishawahi kufanya hivi? Niambie ukweli, nijue ninaishi na nini humu ndani.

Mwanao,
Sara

*

Dongobesh, Jumanne, 11 Novemba

Sara mwanangu,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imefika inanuka dagaa, Herman aliichomeka kwenye kapu la mtu.

Diwani analala nje. Sijui kwa nini unaniuliza kana kwamba nimekuficha kitu. Unataka watu waseme nini, mjane analala chumba kimoja na mbwa kama mzungu? Ndama wanalala ndani, mbuzi wanalala ndani, hiyo ni mali na tuliwakuta wazee wakifanya hivyo. Mbwa ni wa nje. Marehemu baba yako mkubwa Baltazar alifuga mbwa maisha yake yote na hakuna aliyevuka kizingiti.

Ila usimchape tena. Na hiyo ya kumpaka pua uiache kabisa. Hajui unamwadhibu kwa kosa gani, anachojifunza ni kuuogopa mkono wako. Akikojoa usipige kelele. Mwaga majivu, yaache yanyonye, fagia, kisha osha kwa maji ya moto yenye siki, maana sabuni peke yake inaacha harufu, naye atarudi palepale. Akishakula tu mtoe nje wewe mwenyewe, kaa naye mpaka amalize, halafu msifu. Mpe mfupa wa ng'ombe atafune, aache milango yangu. Na chumbani kwangu, nyuma ya mlango, lipo koti la kahawia la marehemu. Litandike barazani karibu na mlango, alale juu yake. Usiniulize kwa nini, litandike tu.

Je, ni kweli mvua imeanza huko? Inanyesha kutwa au inapita? Asubuhi mlima unaonekana au umefunikwa? Maji ya korongo la juu ya shamba yana rangi gani? Barua yako ijayo niandikie hayo kwanza, kabla ya habari za mbwa.

Kuja siwezi. Mzazi haachwi peke yake.

Mama yako mkubwa,
Paskalina

*

Nangwa, Jumatatu, 17 Novemba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mlima umefunikwa. Maji ya korongo ni ya kahawia. Mvua inakuja mchana na kupita. Haya, nimejibu kwanza, sasa na mimi unisikilize.

Nilifanya yote uliyoagiza, majivu, siki, mfupa, mpaka kumsifu mbwa kwa sababu amejisaidia, na watoto wa jirani wakanicheka. Siku mbili za jua Diwani akawa mtakatifu. Nikajiona kweli, nikamwambia Lucia mama yako sasa ni mwalimu wa mbwa. Ijumaa wingu likakaa. Kabla hata tone halijaanguka, akalibeba lile koti kwa mdomo, akanipita nalo hadi chini ya kitanda chako, akaanza. Ametafuna mguu wa kitanda. Ametafuna fremu ya mlango mpaka fizi zikatoka damu. Mate yanamtoka mazito, meupe, yanavutika mpaka sakafuni. Alikojoa palepale alipolala na wala hakujisogeza. Nikajaribu kumvuta atoke, nikashindwa. Mvua ilipokatika akatoka mwenyewe, mkia chini, akanilamba mguu.

Ubaya ni kwamba Gidahosh alikuwa anapita na ng'ombe wake, akajikinga mvua barazani kwetu. Aliyaona yale mate kupitia mlango. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Alisubiri mvua ikatike ndipo akasema, "Mama Lucia, hiyo mbwa iko na kichaa. Mimi naona kichaa zamani, inamaliza ng'ombe ya baba yangu. Weka mtoto ndani." Akaswaga ng'ombe wake akaondoka. Jioni ileile majirani wakawa wananiona na kuwaita watoto wao.

Tangu neno hilo litamkwe sina amani. Najiambia ni uzushi, halafu namwona Diwani anameza mate, namwita Lucia ndani. Mimi na Lucia tunalala chumba cha mbele, nimesukumia meza mlangoni. Nikimsikia anakwangua naogopa. Akinyamaza naogopa zaidi.

Mwandiko unisamehe, nimejikata kidole nikikata mchicha.

Njoo, Mama Mkubwa. Hata kwa siku moja.

Sara

*

Dongobesh, Alhamisi, 20 Novemba

Sara,

Leo sina salamu. Mtu akikata mchicha hujikata mkono ulioshika mchicha, siyo ulioshika kisu. Wewe unashika kisu kwa mkono wa kulia, unaandika kwa huohuo, na barua yako imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Amekung'ata. Usinifiche.

Ukimaliza kusoma hapa inuka. Osha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika, kwa muda mrefu, hata kama linauma. Halafu panda bodaboda uende hospitali, useme waziwazi, nimeng'atwa na mbwa. Usiseme umejikata. Usipake majivu, usifunge majani, usikae kusubiri uone itakuwaje. Ugonjwa ule ukishaanza kujionyesha hauna dawa. Nikiwa msichana nilimwona mtu wa kwetu akipewa kikombe cha maji, akaruka nyuma huku anapiga kelele, na alikuwa na kiu. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Chanjo Diwani alipata mwaka juzi. Mwaka huu walipokuja kuchanja pale shuleni kulikuwa na manyunyu, akakataa kutoka ndani, nikasema basi, atachanjwa mwakani. Sikujua mwakani ni mbali hivi.

Je, anakunywa maji? Hilo ndilo nataka kulijua. Mwekee bakuli umtazame ukiwa mbali, na Lucia asimkaribie kabisa.

Kuja siwezi. Mtoto analia usiku kucha na Imakulata hana nguvu hata ya kuinua sufuria.

Paskalina

*

Nangwa, Jumanne, 25 Novemba

Mama Mkubwa,

Shikamoo, ingawa nina hasira.

Ndiyo, aliniuma. Ni ile Ijumaa nilipoingiza mkono chini ya kitanda kumvuta. Nilikuficha kwa sababu huyu ndiye mbwa aliyerudi peke yake siku tope la mlima liliposhuka Katesh likamchukua Baba Mkubwa. Nilijua ukisikia ameuma mtu utasema auawe, na sikutaka kifo chake kitoke kinywani mwangu.

Nimeanza sindano. Nesi amenigombeza kwa kuchelewa. Nikamuuliza, sasa kwa kuchelewa huko itakuwaje? Akasema, "Tumewahi, nadhani." Hilo "nadhani" ndilo ninalala nalo. Kidole kikiwasha kidogo tu nakimbilia mtungi, nakunywa maji, nikiona yanashuka namshukuru Mungu, halafu nakaa kusubiri kiwashe tena. Usiku namgusa Lucia miguu na mikono nikitafuta mkwaruzo ambao sikuuona mchana.

Bwana mifugo amekuja. Amesema Diwani afungwe mnyororo, apewe chakula na maji, atazamwe siku kumi kuanzia jana, maana zile zilizopita hakuna aliyezihesabu. Mwenye kichaa hazifikishi, hufa kabla. Basi tumemfunga kwenye nguzo ya zizi. Anakunywa maji, Mama Mkubwa. Anakula. Jua likiwaka anatikisa mkia. Mvua ikija anakuwa yule wa mate na damu, na watu hawaji kumtazama jua likiwaka, wanakuja wakisikia anavyolia. Mwenyekiti wa kitongoji ameita kikao. Wamesema hawawezi kungoja siku za bwana mifugo, kwa sababu mnyororo ukikatika mara moja tu wataumwa watoto na ng'ombe. Wameamua hivi: Jumatatu mwenye mbwa aje asimame naye mbele ya watu, maana mbwa mwenye kichaa hamtambui hata aliyemlea. Akikutambua, ataachwa amalize siku za bwana mifugo. Usipofika, Gidahosh amepewa kazi.

Sasa lile linalonikera. Herman amemwona dada Imakulata mnadani Dongobesh anauza vitunguu saumu, mtoto yuko mgongoni, amenenepa, anacheka. Sufuria hawezi kuinua ila gunia analiinua? Na umeandika kwa mkono wako kwamba Diwani "akakataa kutoka ndani". Ndani ya nini, kama analala nje?

Kuna kitu unakijua. Diwani hafanyi haya jua likiwaka, hajafanya hata mara moja. Kama ni mvua niambie ni mvua. Mimi ndiye niliyeng'atwa, nina haki ya kujua kama nitakufa.

Sara

*

Dongobesh, Alhamisi, 27 Novemba

Sara mwanangu,

Barua yako nimeisomea chooni, ndiko nilikopata kuwa peke yangu.

Ni mvua.

Analala chumbani kwangu, chini ya kitanda, juu ya koti la marehemu. Ni miaka miwili sasa. Niliposema analala nje nilikuwa nalinda heshima yangu, nikakuachia wewe meno yake. Nakuomba msamaha, na sijui jambo kama hili huombewa msamaha wa namna gani.

Nangwa nzima wanasema Diwani aliliona lile tope ndiyo maana anaiogopa mvua. Nimewaacha waseme, ilinifaa. Siyo kweli. Siku ile alirudi kutoka Katesh tope mpaka machoni, akanywa maji, akala, akalala chini ya ghala. Ilinyesha tena wiki ileile na yeye alilala tu, matone yanamwangukia masikioni. Mbwa aliyeona yote alilala usingizi. Mimi niliyekuwa nyumbani napepeta maharage, ambaye sikuona kitu, ndiye nilishindwa.

Bati likianza kupigwa na mvua, mimi nasikia mlima unakuja. Nafunga mlango, nasukumia sanduku. Siku moja nikaona siwezi kuwa peke yangu, nikatoka nikamkamata Diwani shingo, nikamwingiza chini ya kitanda na mimi nikaingia. Alishangaa. Alitaka kutoka. Nilimkaba mpaka akalia, na mimi nalia, hivyo hivyo mpaka mvua ikakatika. Nikafanya hivyo kila mvua. Msimu ule haujaisha, akawa anatetemeka mwenyewe wingu likikaa. Akaanza kujikojolea, akaanza kutafuna. Nilikuwa nasafisha kabla hakujapambazuka ili mtu asijue, ndiko nilikojifunza habari za siki na majivu. Mbwa yule hakuwa na woga hata chembe, Sara. Mimi ndiye nilimfundisha, kwa mikono yangu, kwa bidii, kama unavyomfundisha mtoto kusali.

Kuja siwezi, na si kwa sababu ya Imakulata. Nilimkimbilia kabla hajajifungua kwa kuwa vuli ilikuwa inakaribia, nikakuita wewe ukae kwangu. Nilipanga kurudi mvua zikiisha. Nikilifikiria tu lile bati miguu yangu inakufa ganzi.

Waambie ni mvua. Waambie mimi nimesema. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Paskalina

*

Nangwa, Jumamosi, 29 Novemba

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Nimewaambia ni mvua. Mwenyekiti akasema mvua zimenyesha tangu dunia iumbwe na hajawahi kuona mbwa akitokwa povu kwa ajili yake. Nilikuwa na barua yako kifuani. Ningewasomea wangeamini. Sikuwasomea, maana hiyo aibu ni yako na si mimi wa kuianika.

Jana ilinyesha. Diwani amejitafuna mguu. Lucia aliingia chini ya meza, akaziba masikio, akawa analia sauti ileile ya Diwani. Mwanangu hajawahi kuogopa mvua. Bashay mvua ikinyesha tunamtafuta nje. Nilipomwona pale chini ya meza ndipo nilipokuelewa, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa nilipoumwa.

Jumatatu Gidahosh anakuja. Usipofika nitaushika mnyororo mimi mwenyewe mpaka amalize, mbwa asife kama hana mtu. Halafu nitamchukua mwanangu nirudi Bashay.

Sara

*

Nangwa, Jumatano, 3 Desemba

Imakulata mwanangu,

Nilikuaga kwa uongo. Nilikuambia nafuata nguo na kurudi. Ukweli ni kwamba Diwani alikuwa anakwenda kuuawa kwa ajili ya ugonjwa nilioutia mimi. Na kwako pia sikuja kukulea tu, nilikuja kuzikimbia mvua za huku chini ya mlima. Sara atakueleza zaidi siku mkionana, nimempa ruhusa aseme yote.

Tulipofika mahali mlima unapoonekana, na juu umeshajaa wingu, nilimwomba Herman asimamishe gari nishuke, nitarudi Dongobesh kwa miguu. Nilimaanisha. Akanitazama akasema, "Mama, umelipa nauli ya Nangwa, nitakushusha Nangwa." Sijui kama alikuwa mkaidi au alikuwa amehurumia mtu.

Uwanja ulijaa watu kama kuna msiba. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kamba. Gidahosh alisimama pembeni na mkuki wake. Sara alikuwa mlangoni, mkono umefungwa bandeji, Lucia amesimama nyuma yake ameuficha uso. Na Diwani kwenye nguzo ya zizi. Amekonda, mwanangu. Mguu mmoja hauna ngozi. Povu lilikuwa limemganda kifuani na jipya linashuka juu yake, na macho yalikuwa hayatazami kitu chochote. Ningekuwa mpita njia, na mimi ningesema auawe.

Mwenyekiti akasema, "Mama Paskalina, karibu. Mbwa ni wako. Nenda usimame naye, watu waone kama anakujua. Tusicheleweshane, mvua hiyo."

Ikaanza. Tone la kwanza lililia kwenye bati la zizi na miguu yangu ikakataa. Nilisikia mlima. Najua haukuwa mlima, lakini nilisikia. Watu wakadhani nasita kwa sababu namjua mbwa wangu kuwa ana kichaa, nikasikia mmoja anasema, "Si mnaona? Hata mwenyewe anamwogopa." Gidahosh akaanza kutembea kuelekea kwenye nguzo, taratibu, kama mtu anayekwenda kufanya kazi asiyoipenda. Sara akawahi akaushika mnyororo, kama alivyosema ataushika.

Sikuwa shujaa, usije ukamsimulia mtu hivyo. Nilimwona Diwani anavyotetemeka na nikautambua ule mtetemeko. Ni wangu. Unaanzia magotini, unapanda. Nikaenda. Sijui nilifikaje, nilimpita Gidahosh, na nilipofika pale nikakaa chini kwenye matope. Diwani akaingiza kichwa kwapani mwangu, kichwa chote, akakisukuma kama anataka kupita aingie mwilini. Hakuniuma. Mvua ikaongezeka. Halafu, mwanangu, nikajikojolea. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya vijana niliowabeba mgongoni, mimi mwanamke wa miaka yangu. Nilisikia moto unashuka mapajani na mvua ilikuwa bado kidogo mno kunifichia. Na Diwani naye, wakati huohuo, palepale pembeni yangu. Mtu mmoja akacheka. Hakuna aliyemfuata.

Gidahosh akaja akatusimamia. Alitutazama kwa muda, mimi na mbwa, akatazama yale maji yetu yanavyochanganyika na tope. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe naumwa nini?"

Nikamjibu, "Mvua."

"Kutoka lini?"

"Kutoka Katesh."

Akageuka akawaambia watu, "Mbwa ya kichaa haina mtu. Hii iko na mtu." Akauchomeka mkuki ardhini, akavua shuka yake akatufunika nayo wote wawili, akabaki kifua wazi. Mvua ikaja yote. Nikiwa chini ya ile shuka nilikuwa nasubiri kusikia watu wanakimbilia barazani. Hawakukimbia. Mwenyekiti mwenyewe aliinuka kwenye kiti akasogea, akasimama, nikaviona viatu vyake vinazama kwenye tope. Wakasimama hivyo mpaka ilipokatika.

Siku za bwana mifugo hazijaisha, na sindano za Sara hazijaisha, kwa hiyo woga bado tunao humu ndani na sitaki kukudanganya tena. Diwani bado yuko kwenye mnyororo, ila nguzo sasa ni ya barazani, na anakunywa maji kila nikimwekea. Bwana mifugo ameniambia mbwa atajifunza upya kama alivyojifunza mwanzo, kwa kumtazama yule anayemfuata. Amesema wingu likikaa nisimkumbatie, nisifunge mlango, nikae tu mahali anaponiona nifanye kazi yangu. Alisema hivyo kama ni jambo dogo.

Naandikia barazani. Sara yuko ndani anamsuka Lucia. Juu kumefunga tangu adhuhuri na mkono wangu umeshaanza, utauona kwenye herufi. Bati limelia mara moja, na sasa tena. Diwani ameinua kichwa. Hautazami mlima wala halitazami bati. Ananitazama mimi, aone nitafanya nini.

Mama yako,
Paskalina